Kabla ya kumpokonya mtoto simu, uliza wamebaki wangapi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji tuzungumze na wazazi, walezi na walimu kuhusu jambo linaloibuka kila likizo: mtoto na magemu. Malalamiko yanafanana nyumba kwa nyumba. Mtoto amekuwa mkali, anajibu ovyo, halali mapema, chakula anakigusagusa tu, na akinyang'anywa simu anapiga mlango teke. Mzazi anaifunga kesi kwa neno moja: ameharibika. Sisi tunaofanya kazi ya unasihi na watoto tunaomba kesi hiyo ifunguliwe upya, maana sehemu kubwa ya hasira ile inatokana na mambo mawili yanayoweza kurekebishwa nyumbani: namna gemu lenyewe lilivyotengenezwa, na usingizi uliopotea.

Tuitazame jioni moja. Ni saa moja na nusu usiku, chakula kimeshapakuliwa, mtoto wa darasa la sita amejikunja kwenye kochi na simu ya mama yake, anacheza Free Fire, gemu la kupigana risasi mtandaoni ambalo wa mwisho kubaki hai ndiye mshindi. Mama anaita, "Baba, lete simu, njoo ule." Mtoto anajibu bila kuinua macho, "Nakuja mama, namalizia." Zinapita dakika tatu. Mama anaita tena, safari hii sauti imepanda. Kimya. Mama anakuja, anaivuta simu mkononi. Mtoto anapiga ukelele, machozi ya kweli yanamtoka, "Umeniharibia!" Mama anaona amevunjiwa heshima mbele ya wadogo zake, na kuanzia hapo usiku wa nyumba ile umeshavurugika.

Sasa tazama kilichokuwa kwenye kioo cha simu. Mechi ya gemu hilo huanza na wachezaji 50 wanaoshushwa kisiwani, huchukua kama dakika 10, na eneo salama linazidi kusinyaa mpaka waliobaki wanabanana mahali pamoja. Mtoto yule alikuwa kwenye kikosi cha watu wanne, wamebaki wachezaji 12, na mechi ilibakiza dakika mbili au tatu. Mechi ya mtandaoni huwezi kuisimamisha ukaenda kula kisha ukarudi. Akitoka, mchezo unaendelea bila yeye, wenzake watatu wanabaki pungufu, pointi zake za cheo zinashuka, na kesho yake shuleni atasutwa kwamba aliwaacha. Moyo ulikuwa unamwenda mbio, viganja vimelowa jasho, mwili mzima uko vitani. Katikati ya hali hiyo mkono ukatokea pembeni, kila kitu kikatoweka. Mtu mzima anayetazama penalti ya mwisho ya timu yake akizimiwa televisheni, naye hatabaki mpole. Na mtoto ana udhaifu zaidi yake, kwa sababu sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotuzuia kutenda lililotujia kichwani papo hapo, huendelea kukomaa mpaka mtu apite miaka ishirini na kitu.

Mama anahesabu dakika, mtoto anahesabu mechi. Ugomvi mwingi wa simu unazaliwa hapo, na marekebisho yake yanaanzia hapo hapo.

Kubalianeni idadi ya mechi kabla simu haijashikwa. Mechi mbili za Free Fire, pamoja na muda wa kusubiri kuingia, ni kama nusu saa. PUBG Mobile ina wachezaji 100, na mechi moja kwenye ramani kubwa inaweza kufika nusu saa, kwa hiyo huko ni mechi moja tu. Mpira wa simu kama eFootball, weka kama dakika 10 kwa mechi. Magemu ya kukimbia yasiyo na mwisho kama Subway Surfers hayana mechi kamili ya kuhesabu, na mtoto anaweza kusema "bado kidogo" mpaka usiku wa manane. Kwa hayo tumia kengele ya saa, tena iwekwe kwenye kifaa kingine, maana kengele inayolia ndani ya simu anayochezea huzimwa kwa kidole kimoja na mchezo ukaendelea.

Onyo la kumaliza litolewe kabla hajabonyeza kuanza mechi ya mwisho. "Hii ndiyo ya mwisho," basi. Kumwambia "nakupa dakika tano" wakati yuko katikati ya mechi ya dakika 10 ni kumwekea kipimo asichoweza kukitimiza bila kupoteza mechi. Ukitaka kujua amefikia wapi, usipige kelele kutoka jikoni. Nenda, kaa karibu naye, mguse begani, tazama kioo, uliza: "Mmebaki wangapi?" Akisema tisa, unajua muda umekaribia. Akisema arobaini, unajua ameanza mechi sasa hivi na una la kumuuliza. Zaidi ya hapo, swali hilo linamrudisha nyumbani taratibu kabla ya mchezo kuisha, na linamwonyesha kwamba unakiona anachokifanya. Mechi ikiisha, simu aiweke yeye mwenyewe mahali mlipokubaliana, juu ya kabati au kwenye kikapu. Akiikabidhi kwa mkono wake, anajifunza kuacha. Ikivutwa mkononi mwake, anajifunza kuificha.

Mpe dakika 10 hadi 15 kabla ya kumdai jambo linalohitaji kichwa. Mwili ulioamshwa na mchezo haupoi papo kwa papo. Anywe maji, akaoge, atumwe dukani, aanue nguo. Mzazi anayemwekea daftari la hesabu mara tu simu inapozimwa, au anayeanza mawaidha marefu dakika hiyo, anaongea na mtoto ambaye bado yuko kisiwani.

Wazazi hutuuliza: ina maana mimi nimsubiri mtoto amalize gemu, nani mzazi hapa? Mzazi ni wewe, ndiyo maana idadi ya mechi umeipanga wewe, na mahali pa kuiweka simu umepachagua wewe. Unachosubiri ni dakika mbili tatu za mwisho wa mechi uliyoiruhusu mwenyewe. Akianzisha mechi ya tatu kinyume cha makubaliano, kesho anapata moja badala ya mbili. Adhabu iwe fupi, ifike upesi, na ilingane na kosa. "Hutaigusa simu mwezi mzima" haifanyi kazi, kwa sababu mtoto aliyekwisha kupoteza kila kitu hana tena cha kulinda. Anahamia kwenye simu ya rafiki au kwenye kibanda cha pleisteshini, na huko hakuna anayemhesabia mechi. Fimbo nayo tunaikataa waziwazi. Mtoto mwenye hasira anahitaji kuona mtu mzima akiitawala hasira yake, na anayemchapa akiwa ameghadhibika anamfundisha kinyume chake.

Hapa tuseme jambo ambalo wazazi wachache huambiwa. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alionyesha kwa majaribio ya panya na njiwa kwamba mnyama anayepata chakula kila anapobonyeza kitufe huacha upesi chakula kinapokoma. Yule anayekipata kwa kubahatisha, mara hiki hapa, mara hakuna, huendelea kubonyeza muda mrefu sana. Masanduku ya zawadi ndani ya magemu yamejengwa juu ya ugunduzi huo. Mtoto analipia sanduku bila kujua ndani kuna nguo ya thamani ya kumvika mhusika wake wa kwenye gemu au takataka. Ubelgiji mwaka 2018 iliamua kwamba masanduku ya kulipia ya namna hiyo ni kamari chini ya sheria zake. Sasa tazama nyumbani. Jumatatu mtoto analia, simu anakosa. Jumanne analia, anakosa. Jumatano mama amechoka, ana wageni, anasema "haya chukua, niache". Alhamisi kilio kitakuwa kikali maradufu, kwa sababu nyumba imegeuka sanduku la zawadi: haijulikani lini litafunguka, ila ukikazana kulia, kuna siku litafunguka. Ndiyo maana tunawasihi wazazi wapange kanuni ndogo wanayoiweza kila siku, kuliko kanuni kali itakayovunjika Jumatano. Baba, mama, bibi na dada wa kazi wawe na kauli moja. Kanuni ikivunjwa na bibi, imevunjwa na nyumba nzima.

Ujue pia kwamba siku za mwanzo za kanuni mpya hasira huzidi kabla ya kupungua. Mtoto anapima kama kilio cha zamani bado kinafungua mlango. Wazazi wengi hukata tamaa hapo, wakidhani njia imeshindwa. Mtoto aliyezoea saa 5 kwa siku asishushwe hadi nusu saa kwa usiku mmoja. Punguza kama saa moja kila wiki, na nafasi inayoachwa wazi ijazwe siku hiyo hiyo.

Tukija kwenye usingizi, hesabu inaogopesha. Wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani walikubaliana mwaka 2016 kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Mtoto wa mjini anayeamshwa saa 11 alfajiri awahi basi la shule, ili apate saa 9 tu, kile kiwango cha chini, lazima awe amesinzia saa 2 usiku. Wa sekondari anayeamka saa hiyo hiyo, saa 3. Yule wa kwenye kochi saa moja na nusu alikuwa bado na moyo unaomwenda mbio, hajala, hajaoga. Ongeza mwanga wa kioo unaochelewesha homoni ya usingizi, utaona kwamba saa 4 ataikuta macho makavu, akiwa na saa 7 za kulala au pungufu.

Mtoto mdogo aliyekosa usingizi hasinzii kama mtu mzima. Huwa na papara, hulia kwa jambo dogo, hupigana na mdogo wake, husahau alichotumwa. Mwalimu anamwona mtundu, mzazi anamwona mkaidi, na gemu linabeba lawama ambayo nusu yake ni ya kitanda. Kwa hiyo mzazi asiyejua aanzie wapi aanze na usiku. Gemu la mwisho liishe dakika 60 kabla ya kulala. Simu zote, ikiwemo ya kaka mkubwa, zilale sebuleni au chumbani kwa wazazi, zichajiwe huko. Simu chini ya mto huamkiwa saa 8 usiku, na mzazi hajui mpaka matokeo ya muhula yatoke. Mpe kanuni hii moja wiki mbili, kabla ya kugusa nyingine yoyote. Mara nyingi ukali wa asubuhi hupungua hata kama mechi za mchana bado hazijapunguzwa.

Kuna maneno mawili yanayotumika ovyo, hata magazetini. La kwanza ni dopamini. Ni kweli kwamba mwaka 1998 watafiti wa Hospitali ya Hammersmith, London, waliwapima wanaume 8 wakicheza gemu la kuendesha kifaru na kuona kemikali hiyo ya ubongo ikipanda. Lakini dopamini hupanda pia kwa chakula kitamu na kwa jambo lolote tunalolitamani. Kumwambia mtoto kwamba gemu ni sawa na madawa ya kulevya si kweli, na atakuona huujui mchezo wake, atafunga masikio hata kwa lile la kweli. La pili ni ukatili. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilirudia mwaka 2020 kwamba magemu ya kupigana yana uhusiano mdogo na tabia kama kufoka na kusukumana, na kwamba ushahidi hautoshi kuyafanya chanzo cha mauaji na jinai kubwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford wa mwaka 2019 kwa vijana wa Uingereza haukuona hata uhusiano huo mdogo. Sisi bado tunasema mtoto wa miaka 8 asicheze gemu la damu lililowekewa alama ya miaka 16 au 18, kwa sababu linamtisha, linamletea ndoto mbaya, na linamwingiza kwenye mazungumzo ya watu wazima. Ila mzazi asidhani kwamba akiondoa bunduki na kuweka mpira, kazi imekwisha. Mpira unaochezwa mpaka saa 6 usiku unamkosesha usingizi ule ule.

Mazungumzo hayo ya watu wazima yanastahili jicho. Kwenye magemu ya vikosi mtoto anavaa spika za masikioni na kuongea na watu asiowajua. Anatukanwa kwa kukosea, anajifunza kutukana, na matusi hayo huyasikia mdogo wake chumbani. Wapo pia watu wazima wanaotoa zawadi ndani ya gemu ili waombe picha au namba ya simu. Ingia kwenye mipangilio ya gemu, zima sauti za wachezaji, na ruhusu ujumbe kutoka kwa marafiki anaowafahamu ana kwa ana tu. Kwa mtoto wa shule ya msingi, mchezo uchezwe sebuleni, sauti ikisikika kwa wote.

Fedha nazo. Mwaka 2022 kampuni ya Epic Games, yenye gemu la Fortnite, ilikubali kulipa jumla ya dola milioni 520 kumaliza mashauri ya tume ya biashara ya Marekani. Tume hiyo ilidai kwamba kampuni ilikusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi, na kwamba vitufe vilipangwa kiasi cha kuwafanya wachezaji wanunue bila kukusudia. Tunalitaja ili mzazi ajue kwamba mtoto anayenunua "almasi", ile fedha ya ndani ya gemu, bila ruhusa anashindana na watu waliosomea kazi hiyo. Kwenye Google Play weka sharti la nywila kwa kila ununuzi. Namba ya siri ya M-Pesa au mtandao wowote wa pesa isijulikane na mtoto, na ibadilishwe leo kama amewahi kukusaidia kutuma pesa. Simu za Android zina Family Link ya bure, inayompa mzazi uwezo wa kupanga dakika kwa siku, saa ya simu kujifunga usiku, na kuidhinisha kila programu kabla ya kupakuliwa. iPhone ina Screen Time, na PlayStation ina mpangilio wake wa muda wa kucheza. Vyote hivyo vinasaidia, ila ujue jambo moja. Simu ikijifunga yenyewe katikati ya mechi, umerudi kule kule kwa mkono uliovuta simu. Weka muda wa kujifunga uwe robo saa baada ya muda mliokubaliana, uwe ukuta wa mwisho tu. Na wanaotegemea kukosekana kwa bando wasijidanganye, magemu mengi huchezeka bila intaneti.

Kwa watoto wa chini ya miaka mitano maneno ni machache na makali zaidi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: chini ya miaka 2 kioo hakipendekezwi kabisa, na kuanzia miaka 2 hadi 4 kisizidi saa moja kwa siku, kikipungua ni vizuri zaidi. Siku hizi simu imekuwa ya kubembelezea. Mtoto analia, anapewa simu. Anakataa uji, anawekewa simu ndipo afungue mdomo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan uliochapishwa Desemba 2022, uliofuatilia watoto 422 wa miaka 3 hadi 5, ulionyesha kwamba kutumia vifaa hivi mara kwa mara kumtuliza mtoto kulihusiana na milipuko zaidi ya hisia miezi iliyofuata, hasa kwa wavulana na kwa watoto wenye hamaki za kuzaliwa. Sababu inaeleweka. Kutulia ni ufundi, na hujengwa kwa kulia, kubebwa, kupigwapigwa mgongo, kuambiwa "najua umekasirika, mpira umechukuliwa", mpaka pumzi irudi. Mtoto anayewashiwa katuni kila anapofungua mdomo kulia hapati nafasi ya kujifunza hayo, na akifika darasa la kwanza mwalimu hana simu ya kumpa.

Tulisema nafasi inayoachwa wazi ijazwe. Hapa ndipo mipango mingi ya wazazi hufa, maana "nenda kacheze" si mpango. Gemu humpa mtoto wenzake, cheo, na hisia ya kuweza jambo. Ukimwondolea, mpe vinavyofanana navyo. Kombolela, rede, nage na chandimu vina wenzake na ushindani, na vinampa ile saa moja ya kutoka jasho ambayo Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kila siku kwa watoto wa miaka 5 hadi 17. Bao na drafti vina akili na cheo, na babu anaweza kucheza naye. Mtoto anayependa kujenga kwenye gemu apewe mbao, misumari na nyundo, au atengeneze gari la makopo kama walivyofanya baba zake. Mwanzoni atasema anaboreka. Mwache aboreke. Kama uwanja wa mtaa umegeuzwa maegesho, hilo ni la serikali ya mtaa, na wazazi waudai uwanja huo kwa sauti moja. Haiwezekani tuwafungie watoto ndani ya geti kisha tushangae wamejenga urafiki ndani ya simu.

Wenye vibanda vya pleisteshini ni majirani zetu na wanatafuta riziki, hatuwapigi vita. Tunawaomba wasimpokee mtoto aliyevaa sare saa za masomo, na wale wa shule ya msingi wawarudishe nyumbani saa 12 jioni. Ule utaratibu wa "anayefungwa analipa" waufute kwa watoto, kwa sababu unamfanya aliyefungwa atafute pesa ya kujikomboa, na wengine huanzia kwenye mkoba wa mama. Mashine za sarafu, zile wanazoziita dubwi, ni habari nyingine kabisa. Hizo ni kamari, sheria imewazuia walio chini ya miaka 18, na anayemruhusu mtoto kuzicheza anastahili kuripotiwa.

Wapo wanaotaka serikali ipige marufuku. China tangu 2021 inawaruhusu walio chini ya miaka 18 kucheza mtandaoni saa moja tu, saa 2 hadi saa 3 usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Korea Kusini mwaka 2011 iliwafungia walio chini ya miaka 16 kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi, kisha ikaiondoa sheria hiyo kuanzia 2022. Wakati ule watoto walikuwa wameshahamia kwenye magemu ya simu, ambayo sheria haikuyagusa. Sisi hatuoni sheria ya namna hiyo ikifika sebuleni kwetu kabla ya mzazi.

Kuna watoto wachache ambao hayo yote hayatawatosha. Toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika 1 Januari 2022, linatambua ugonjwa wa kucheza gemu kwa mambo matatu yakiwa pamoja: mtu hawezi tena kujizuia, gemu limepewa nafasi mbele ya karibu kila jambo maishani, na anaendelea au anazidisha ingawa madhara yanaonekana. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12, na iwe imeharibu masomo, familia au urafiki. Mtoto anayecheza sana wiki mbili za likizo halafu Januari anarudi darasani bila shida hana ugonjwa huo. Yule aliyeacha kuoga, aliyeacha mpira alioupenda, anayetoroka shule, anayeiba ili alipie gemu, au anayekaa siku nzima na uso usio na furaha hata akiwa anashinda, apelekwe. Mara nyingi nyuma ya gemu kuna jambo lililotangulia: sonona, wasiwasi, shida ya kutulia na kumakinika, uonevu shuleni, msiba, au wazazi wanaogombana. Gemu lilikuwa maficho. Ukiyabomoa maficho bila kujua anakimbia nini, unamwacha uchi. Na mtoto akitamka kwamba anataka kufa, hata kama amesema kwa hasira ya kunyang'anywa simu, usimjibu kwa ukali wala usimwache peke yake. Mpeleke siku hiyo hiyo.

Pa kwenda papo. Hospitali ya rufaa ya mkoa, ulizia kitengo cha afya ya akili. Muhimbili ina idara yake. Namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, hupigwa bure Tanzania, na Kenya pia. Matibabu yenye ushahidi ni ya kuzungumza, mtoto na familia pamoja, vikao kadhaa. Hakuna kidonge cha kumtoa mtu kwenye gemu, ingawa sonona ikiwepo daktari anaweza kuitibu kwa dawa. Kabla ya kwenda, chukua daftari la kurasa 40 na uandike siku saba: saa aliyoanza kucheza na aliyomaliza, gemu gani, na nani, alikuwaje kabla na baada, alilala saa ngapi, aliamka saa ngapi. Usimwandikie kwa siri, mwambie unachoandika, na kama anajua kusoma saa aandike yeye baadhi ya mistari. Sehemu ya Digital Wellbeing kwenye simu ya Android itakupa dakika za kila programu, zilinganishe na zenu. Daktari au mnasihi atakayewapokea atalihitaji daftari hilo.

Ni sisi,
Wanasihi wa watoto na walimu wa malezi,
Dar es Salaam